Gundi na Polisi wa Akiba

"Askari! Askari hao!"

Gundi hakungoja kuambiwa mara mbili. Alikamata pembe za turubai, akazivuta pamoja, viatu vikaangukiana ndani kama mawe, akautupa mzigo mgongoni na kutoka mbio. Nyuma yake buti zilikuwa zinagonga lami. Kisha akasikia jina lake.

"Gundi! We Gundi! Usikimbie, ni mimi!"

Aligeuka huku anahema. Mbele yake kulikuwa na shati la bluu lililopigwa pasi mpaka mikono ikawa na makali, mkanda mpana, filimbi kifuani na kofia. Chini ya kofia kulikuwa na uso wa mchumba wake, Kinyozi, anacheka mpaka machozi.

"Mwendawazimu wewe! Moyo wangu umefika hapa!" Gundi alijishika koo.

"Nilitaka uwe wa kwanza kuniona nikiwa nimevaa."

"Wa kwanza? Tazama barabara ulivyoifanya!"

Barabara ilikuwa nyeupe. Muuza soksi hayupo, muuza miwani hayupo, wauza chaja hawapo. Baada ya muda vichwa vikaanza kuchungulia kutoka kichochoroni, kimoja kimoja. Wa mwisho kutoka alikuwa Shangazi yake Gundi, mikanda ya kiume imemning'inia shingoni, pochi kwapani, pumzi juu juu.

Kinyozi akabana buti na kupiga saluti. "Shikamoo, Shangazi!"

"Marahaba. Mwanangu, siku nyingine ukitaka kutusalimia, njoo na shati lako la saluni."

Watu wakacheka. Kinyozi naye akacheka, lakini kofia hakuivua.

Gundi alikuwa fundi viatu. Alinunua viatu chakavu, akavishona, akavibandika soli, akavisugua mpaka vikang'aa, akavipanga juu ya turubai kando ya barabara. Gundi haikumtoka vidoleni hata aoge na jiki, ndiyo maana jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na walikaa bega kwa bega pale pale, mmoja viatu, mwingine mikanda.

Kinyozi alikuwa na kisaluni kwenye kona. Siku ya kwanza alikuja kwa Gundi na kiatu kilichoachama mbele.

"Kishone mdomo," alisema. "Kila nikitembea kinanisengenya."

Gundi alicheka, akakishona, na tangu siku hiyo viatu vya Kinyozi vikawa vinaharibika kila wiki. Shangazi aliona.

"Huyu kijana anavikata mwenyewe kwa wembe," alisema. "Mwambie aseme anachotaka kabla hajabaki peku."

Kinyozi alikisema mchana mmoja wa mvua. Gundi alikuwa amemshika mkono wakakimbilia kichochoroni, kati ya duka la rangi na ukuta wa ghala. Ukikitazama utadhani mwisho wake ni mapipa matupu yaliyopangwa juu ya mengine. Lakini nyuma ya mapipa kulikuwa na upenyo, unatokea uani, na uani kuna ngazi za saruji zinazoshuka mpaka barabara ya chini. Huko ndiko wachuuzi walikopotelea kila askari walipokuja.

"Hapa hapajui mtu ila sisi wa barabarani," Gundi alimwambia. "Ukimwonyesha mtu, nakung'oa soli viatu vyote."

"Nitamwonyesha nani? Mimi mwenyewe nimekuja kutafuta pa kujificha na wewe."

Hapo ndipo alipomwomba wawe wachumba, matone ya mvua yakigonga mapipa, na Gundi akakubali kabla hajamaliza sentensi.

Baadaye wezi wakaivunja saluni. Mashine za kunyolea zilikwenda, kioo kikapasuka. Kinyozi alikwenda kituoni kutoa taarifa, akakalishwa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi, halafu akaambiwa arudi kesho. Kesho yake akaambiwa hivyo hivyo. Kwenye ukuta juu ya benchi kulikuwa na tangazo: wanatafutwa raia wenye tabia njema wa kujiunga na polisi wa akiba, kwa kujitolea.

"Hulipwi?" Gundi alimuuliza.

"Silipwi. Wanakupa mafunzo, nguo na nauli."

"Sasa wewe unapata nini?"

"Gundi, nimechoka kuwa mtu wa kuambiwa rudi kesho. Nataka mtu akija na shida yake, mimi nimwambie kaa hapa, niambie."

Alisema kwa moyo, macho yamemng'aa. Gundi akampenda zaidi. Kila mwisho wa wiki Kinyozi alikwenda mafunzoni: kwata, huduma ya kwanza, sheria ya kukamata mtu, namna ya kuandika maelezo. Jioni Gundi alimsomesha, yeye akiwa mshukiwa.

"Haya, nimeiba kuku. Unafanyaje?"

"Nakushika mkono. Taratibu, bila kukuumiza."

"Halafu?"

"Nakuambia kosa lako."

"Kosa langu nini?"

"Umeiba mtu, si kuku."

"Umefeli! Anza upya!"

Alifaulu. Na tuseme ukweli, alianza vizuri. Alisimamisha magari watoto wa shule wavuke. Siku bodaboda alipomgonga mzee wa watu, Kinyozi alimfunga mguu kwa mbao mbili na mkanda mmoja wa Shangazi, akatulia kama daktari mpaka gari la wagonjwa likafika. Gundi alisimama kwenye umati akijisikia kuwaambia wote, huyo ni wangu.

"Mimi sina ugomvi na kijana," Shangazi alisema jioni hiyo. "Nina ugomvi na kofia. Ngoja uone ikishazoea kichwa."

Kofia ilizoea. Mwanzo ilikuwa simu kutopokewa. Kisha saluni ikawa inafunguliwa mchana badala ya asubuhi, wateja wakahamia kwingine. Halafu siku moja wamekaa wanakunywa chai, Kinyozi akasema:

"Tatizo lenu nyinyi wachuuzi hamtaki utaratibu. Sisi tukiwaambia muhame, mnahama dakika mbili, mnarudi."

Gundi aliweka kikombe chini. "Sisi ni nani?"

"Sisi polisi."

"Na nyinyi?"

"Gundi, usianze."

"Hapana, nataka kujua. Unapokula hapa, unakula kama sisi au kama nyinyi?"

Kinyozi akamshika vidole vyake vyenye gundi, akavibusu kimoja kimoja. "Nimekosa. Sikiliza, nakuahidi kitu. Siku wakipanga kuja kusafisha ile barabara, nitakuambia."

"Sijakuomba."

"Najua hujaniomba. Nakupa."

Gundi akaamini. Harusi ilikuwa imekaribia, na mtu ambaye harusi yake imekaribia huamini mambo mengi.

Haukupita muda, ujumbe ukaingia jioni wakati Gundi anakung'uta turubai.

"Mpenzi, kesho asubuhi nenda kwa fundi ukapimwe gauni. Nimeshaongea naye. Usiende barabarani kabisa. Nataka siku moja upumzike, wewe ni bibi harusi."

Alimsomea Shangazi kwa sauti, mara mbili. Uso wake ulikuwa unawaka.

"Nenda," Shangazi alisema. "Hata mimi nataka kuona hilo gauni. Viatu vyako nitaviuza."

"Utaweza mizigo miwili?"

"Nimekubeba wewe ukiwa mnene kama gunia, nitashindwa na viatu?"

Asubuhi ile Gundi alisimama juu ya stuli kwenye chumba cha fundi cherehani, kitambaa cheupe kimemzunguka, pini kiunoni, pini mabegani. Fundi, mama mmoja mcheshi mwenye pini nyingine mdomoni, alikuwa anamzunguka kama mtu anayekagua gari.

"Pumua. Bwana harusi hakunipa amri ya kukuua. Kanipigia mara tatu jana, usimwache atoke mpaka saa sita, usimwache. Nikasema huyu anakupenda kweli."

"Mpaka saa sita? Kwa nini?"

"Nitajuaje? Wanaume na mipango yao."

Simu ikalia. Alikuwa Muuza Miwani, jirani yake wa barabarani.

"Gundi, uko wapi?"

"Kwa fundi, napimwa gauni."

"Acha gauni! Wametuvamia. Shangazi yako ameanguka kwenye zile ngazi. Tumempeleka hospitali. Njoo, Gundi, njoo sasa hivi!"

Gundi aliruka kutoka kwenye stuli. Fundi alipiga kelele, "Mwanangu, pini! Pini!" lakini Gundi alikuwa ameshafika nje. Alikimbia mtaa mzima na gauni lisilo na mikono, pini zikimchoma kila hatua, watu wakigeuka kumtazama. Wengine walishangilia, wakidhani bibi harusi amechelewa.

Shangazi alikuwa amelala wodini, mguu umenyooshwa, uso umekuwa mdogo ghafla. Muuguzi akasema nyonga imevunjika, atapasuliwa, na baada ya hapo kutembea ni majaliwa.

"Shangazi, ilikuwaje?"

"Niliteleza."

"Uliteleza vipi?"

"Kuteleza ni kuteleza, mwanangu. Ngazi zile zina maji siku zote." Akalitazama gauni. "Limekukaa vizuri. Kiunoni tu wapunguze."

Gundi akatoka nje analia. Muuza Miwani alikuwa kwenye benchi, mdomo umevimba, fremu zilizovunjika ziko mapajani mwake.

"Walikuwa wanatusubiri," alisema kwa sauti ya chini. "Wengine walikuja kwa mbele kama kawaida, tukakimbilia kichochoroni. Tukakuta mapipa yameshasogezwa pembeni. Tulipotokea uani tu, hao hapo, wamejaa ngazini."

"Nani aliwaonyesha?"

Muuza Miwani alichezea fremu.

"Nani aliwaonyesha, kaka?"

"Mimi sijui, Gundi. Mimi nilikuwa nakimbia. Ila mchumba wako nilimwona ngazini."

Gundi alimpigia Kinyozi simu. Haikupokewa. Akapiga tena, na tena. Mwisho akaandika: "Shangazi yuko hospitali. Njoo."

Alikuja alasiri, amevaa shati la kawaida, mfuko wa machungwa mkononi. Gundi alimsubiri kwenye ujia, karibu na chumba cha kufulia mashuka. Alikuwa ameshajifunga kanga ya kuazima juu ya gauni.

"Anaendeleaje?"

"Nyonga imevunjika."

Kinyozi alikaa kwenye benchi kama mtu aliyekatwa miguu. Kisha akasema, "Nilikuambia usiende barabarani."

"Uliniambia nikapimwe gauni."

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja! Ungeniambia wanakuja, Shangazi angekaa nyumbani. Wote wangekaa nyumbani. Wewe umenifungia kwa fundi kama kuku, umemwacha Shangazi na mzigo wake na wangu!"

"Nilikula kiapo, Gundi! Siri ya kazi ni siri ya kazi. Ningewaambia wote ningefukuzwa. Nikakutoa wewe. Ningefanya nini zaidi?"

"Na kichochoro?"

Kinyozi alitazama machungwa.

"Nakuuliza. Kichochoro je? Nacho kilikuwa kwenye kiapo?"

"Sajini alituuliza kwa nini kila mara mnatoweka. Tulikuwa tumekaa wote, polisi wenyewe na sisi wa akiba, hakuna aliyejua. Mara nikajikuta nimenyoosha mkono." Sauti ilimshuka. "Alinipigia saluti. Sajini, Gundi. Mimi. Mbele ya watu wote."

Gundi alimtazama. Kulikuwa na kitu kingine usoni mwake, kitu ambacho bado hakijatoka. Akatupa neno bila kujua litaangukia wapi.

"Shangazi ameshaniambia yote."

Kinyozi aliinuka ghafla. "Kakuambia nimemsukuma? Sikumsukuma! Naapa sikumsukuma!"

Gundi hakubadilisha uso. "Sema wewe, nione kama maneno yenu yanafanana."

"Nilimshika mkono. Alikuwa na mizigo miwili, uso haukuonekana, nikajua ni mchuuzi tu..."

"Mchuuzi tu."

"Usinikatize! Alikuwa anajivuta kwa nguvu zake zote. Akageuka, tukatazamana. Nikaona ni yeye. Nikashtuka, nikamwachia."

"Akaanguka."

"Akaanguka."

"Ukamwinua?"

Ndani ya chumba cha kufulia mashine ilikuwa inazunguka.

"Nimekuuliza, ulimwinua?"

"Sajini alikuwa amesimama juu ya ngazi ananitazama."

"Kwa hiyo ukafanyaje?"

"Nikashuka. Nikamkimbiza mwingine."

Gundi alichukua ule mfuko wa machungwa mikononi mwake, akauweka vizuri juu ya benchi, kana kwamba ni kitu cha mtu mwingine. "Ondoka," alisema. Alipoona anataka kumshika, akapaza sauti mpaka muuguzi akachungulia. "Ondoka!"

Aliporudi wodini Shangazi alikuwa macho.

"Kwa nini hukuniambia?"

Shangazi alijua bila kuuliza anaambiwa nini. Akavuta shuka. "Nilitaka uolewe kwanza."

"Shangazi!"

"Nyonga itaunga. Mume wewe utampata wapi, na hivyo vidole vyako? Nilisema nimeze tu."

"Ungemeza mpaka lini?"

"Mpaka kufa. Ningekuja kwenu kila Jumapili, nikakaa mezani mbele yake, nikamtazama usoni mpaka ashindwe kutafuna." Akajaribu kucheka, maumivu yakamkata. "Aliniangalia, mwanangu. Nikiwa chini. Alinitambua kabisa, akaruka mguu wangu akaenda. Kuvunjika hakukuniuma kama vile."

Walilia pamoja, kila mmoja akimwambia mwenzake anyamaze.

Gundi akapeleka malalamiko. Polisi mmoja wa kike alikuja wodini kuchukua maelezo ya Shangazi, akayasikiliza kwa heshima, kisha akasema wazi: mgonjwa anasema alishikwa, Sajini anasema hakuna aliyeguswa. Lazima apatikane mtu aliyeona. Mkuu wa kituo atawaita na kuwasikiliza.

Ukimwacha Sajini, aliyeona alikuwa mmoja tu, Kinyozi mwenyewe.

Kinyozi alikuja nyumbani siku Shangazi aliporuhusiwa. Hakuingia. Alisimama mlangoni, amekonda, ndevu zimemwota, yeye aliyekuwa akinyoa watu wote.

"Nitavua hizi nguo, Gundi. Nitazirudisha kesho."

"Nguo hazijafanya kitu. Uzivue, uzivae, mimi hainihusu."

"Sasa unataka nini? Niambie, nitafanya."

"Mkuu wa kituo akikuuliza, sema ulivyoniambia mimi pale hospitali. Hivyo hivyo. Usiongeze, usipunguze."

"Nikisema, utanirudia?"

Hasira ya Gundi ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na upendo, nao ulikuwa unamwaibisha. "Ukisema, nitakaa na wewe tuzungumze. Siahidi zaidi ya hapo."

"Nitasema. Naapa kwa jina la mama yangu."

Siku moja kabla ya kwenda kituoni, simu ilitikisika.

"Kesho nitasema kila kitu. Hata wakinifunga. Nisamehe. Nakupenda kuliko nguo yoyote duniani."

Gundi alisoma, akaiweka simu, akaichukua tena. Shangazi alimwona kutoka kitandani.

"Unatabasamu."

"Sitabasamu."

"Hujambo kwa uongo."

Chumba cha Mkuu wa kituo kilikuwa na meza kubwa, feni mbovu na viti vya plastiki. Sajini alikaa pembeni, miguu ameikunja. Kinyozi alisimama wima katikati, sare imepigwa pasi, ndevu amenyoa. Alipoingia Gundi, hakugeuka. Gundi akajipa moyo kwamba ni woga.

Mkuu alisoma maelezo ya Shangazi kwa sauti, akavua miwani.

"Kijana, ulikuwepo kwenye hizo ngazi?"

"Ndiyo, mkuu."

"Ulimshika huyu mama?"

Moyoni Gundi akawa anamsukuma: sema, sema tu, maneno mawili.

"Hapana, mkuu. Niliona mtu ameteleza. Nilikuwa mbali."

Sajini alitazama kucha zake.

"Mwulize tena," Gundi alisema.

"Dada, utapewa nafasi."

"Nafasi sitaki. Mwulize tena!" Alikuwa ameshasimama, kiti kimeanguka nyuma yake. "Mwulize akinitazama mimi."

Mkuu, pengine kwa huruma, pengine kwa kuchoka, akarudia. "Kijana. Ulimshika mama huyu, ndiyo au hapana?"

Kinyozi alitazama ukuta juu ya kichwa cha Gundi.

"Hapana, mkuu."

Gundi hakupiga kelele tena. Aliinua kiti, akakirudisha mahali pake, akatoka.

Kinyozi alimfuata mbio mpaka uani, kati ya magari mabovu yaliyokamatwa.

"Gundi, subiri! Nisikilize. Nilikuja kusema, nilikuwa nimejiandaa kusema. Sajini akaniita asubuhi. Kuna nafasi za ajira. Polisi kamili, Gundi, mshahara, nyumba! Wamependekeza jina langu. Ningesema vile, ningekwisha. Sasa tutaishi vizuri. Shangazi tutampeleka hospitali ya maana, atatembea..."

"Unamkanyaga halafu unamtibu."

"Usiseme hivyo."

"Ungesema ukweli, ungepoteza nini?"

"Kila kitu!"

"Na mimi? Kwenye hicho kila kitu, mimi nilikuwemo?"

Machozi yalikuwa yanamlenga Kinyozi kweli, hakuwa anaigiza. Alinyoosha mkono akamgusa kiwiko. "Gundi, mimi bado ni yule yule..."

"Afande!" mtu aliita kutoka mlangoni. "Afande, unahitajika ndani!"

Kinyozi aligeuka upesi. Mkono ulitoka kwenye kiwiko cha Gundi, ukanyoosha shati, ukashika kofia, yote hayo kabla hajakumbuka kwamba alikuwa anaongea na mtu. Alipokumbuka alirudisha uso, lakini Gundi alikuwa ameshaona.

"Nenda, afande," alisema. "Unaitwa."

Jioni zilikuja meseji nyingi. "Pokea simu." "Usinihukumu kwa neno moja." "Harusi bado ipo, nipe muda." Gundi alizisoma zote, akaandika moja: "Waambie watu wa kwenu harusi haipo. Sababu waambie unayotaka, umeshazoea." Kisha akaifungia namba yake.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kawaida, na hilo ndilo lililomchosha. Barabara ilisafishwa, wachuuzi wakahamia nyuma ya kiwanda cha mikate. Gundi alihama nao. Watu walikuwa wema kupita kiasi. Hakuna aliyemlaumu kwa kichochoro, ila alipokaribia mazungumzo yalikatika, na kila mmoja akaanza kupanga upya bidhaa zake. Muuza Miwani peke yake ndiye aliyemwambia usoni, "Ulimpenda. Mtu hawezi kumficha anayempenda njia ya kukimbilia." Gundi alimshukuru, akaenda kulia nyuma ya ukuta.

Kinyozi alipata ajira. Walisikia kwa watu kwamba amepelekwa kituo cha mbali, anasifiwa kwa utaratibu.

Nyumbani Shangazi alikuwa anajifunza kutembea kwa fremu ya chuma, kutoka kitandani mpaka dirishani. Siku hiyo alifika nusu ya njia, akasimama kupumzika, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Gundi alikuwa nyuma yake, mikono tayari.

"Usinishike kwapani, unanitekenya."

"Samahani."

Shangazi alitazama nje kwa mbali. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Bado unampenda?"

Gundi alitaka kusema hapana. Alilifungulia mdomo kabisa hilo neno, likakataa kutoka.

"Bado."

"Mm."

"Shangazi, itaisha lini?"

Shangazi aliisogeza fremu mbele kidogo, akauvuta mguu mbovu ukaburuzika sakafuni, akasimama tena.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Nadhani mimi nitatembea kwanza."